Vimondo vya Mchana: Maisha ya Fausta Fabiani, 1966–2025

Wasifu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Grasiana Fabiani, Kwaluguru, Handeni, Ijumaa tarehe 14 Machi 2025

Kamati ya mazishi iliniomba wasifu wa ukurasa mmoja. Huu umezidi, na kijana aliyeuchapa pale Handeni mjini amekwisha kunilalamikia vya kutosha, kwa hiyo naomba ninyi wengine mnisamehe. Dada yangu alikaa kimya ndani ya nyumba hii miaka kumi na mitano. Leo atachukua nafasi kidogo.

Wengi mmeniuliza zile herufi na tarakimu zilizo chini ya jina lake kwenye jalada ni za nini, na mmoja akauliza kama ni namba ya gari lililomgonga. Fausta hakugongwa na gari. Ile ni alama yake ya mwito, yaani jina lake la hewani, aliyopewa pamoja na leseni ya redio ya ridhaa. Ilikuwa yake peke yake, hakuna mtu mwingine duniani mwenye nayo, na aliniomba iandikwe.

Fausta alizaliwa tarehe 20 Septemba 1966 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Korogwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Fabiani na Mama Yuditha. Baba alikuwa Muha wa Kasulu, aliletwa kama manamba kwa mkataba mmoja tu wa kukata mkonge, akabaki mpaka siku tuliyomzika. Mama alikuwa Msambaa wa Bumbuli. Jina la Fausta lilitoka kwenye kalenda ya kanisa, kwa kuwa ndiye mtakatifu wa siku ile. Baba hakuona sababu ya kuhangaika kutafuta jina jingine wakati hilo limekwisha kuandikwa ukutani.

Baba alikuwa na redio moja ya betri, sauti yake imekauka. Fausta akiwa darasa la pili aligundua kwamba ukiisogeza karibu na nyaya za kuanikia mkonge inapata nguvu. Akatafuta kipande cha waya, akakifunga upande mmoja kwenye redio na upande mwingine kwenye anikio la kampuni, na jioni ile kambi nzima ikasikiliza watu wakiongea lugha ambazo hata wazee wa Msumbiji waliokuwa kambini hawakuzitambua. Nyapara alikuja kuuliza nani amefunga waya kwenye anikio. Baba alijibu kwamba ni mbuzi. Nyapara akauliza ni mbuzi gani huyo anayejua kupiga fundo. Fausta alichapwa, lakini baba aliuacha ule waya pale pale mpaka masika yakaung'oa.

Alisoma shule ya msingi pale pale shambani kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akafaulu, akaenda sekondari ya wasichana ya misheni kule Lushoto, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Mwaka uliofuata alipokelewa katika hospitali moja ya misheni wilayani Korogwe na kufundishwa kazi ya chumba cha redio. Vijana wa leo hamkumbuki. Zamani zahanati za vijijini hazikuwa na simu. Zilikuwa na redio koli, na mama akizidiwa na uchungu huko porini, mganga anaita, na upande wa pili yuko Fausta. Alifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1985 mpaka mwaka 2007, simu za mkononi zilipoenea na chumba kile kikageuzwa stoo ya magodoro.

Kanuni za chumba kile ndizo zilizomlea. Opereta haachi kiti wakati chaneli iko wazi. Akinyanyuka, hata kwenda chooni, anaifunga na kutangaza kwamba ameifunga. Na ujumbe haujafika mpaka aliyeupokea aseme kwamba ameupokea. Nyumbani alitutesa kwa kanuni hiyo. Ukimwambia kitu asipokujibu, ulikuwa unajua hajakisikia, na ukimjibu nusu, anakurudisha mwanzo.

Mume wake alimpata hewani. Bwana Deogratius Hiza, mtoto wa ukoo huu wa hapa Kwaluguru, alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali ile ile, na gari lilikuwa na redio. Siku moja ya mwaka 1990, akiwa njiani kutoka Kang'ata, aliripoti alipofika, mgonjwa anaendeleaje, mafuta yamebaki kiasi gani, kisha akaongeza: "Nikifika nina neno na opereta. Ova." Zahanati zote zilikuwa zinasikiliza. Fausta akajibu, kwa sauti ile ile ya kazini, "Ujumbe haujaeleweka. Rudia neno. Ova." Akamlazimisha kulisema neno lenyewe mbele ya wilaya nzima. Walifunga ndoa tarehe 4 Mei 1991, na mwaka 1994 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Angel.

Ile leseni ya ridhaa niliyoitaja mwanzoni ilikuja baadaye, mwaka 1999. Aliyemwingiza huko ni marehemu Fundi Salimu, ambaye wengi mlimpelekea redio zenu pale karibu na stesheni ya treni Korogwe. Redio ya ridhaa haina mshahara wala mgonjwa. Ni watu wanaoitana kutoka nchi na nchi kwa raha zao, na mara kwa mara wanashindana nani amewapata wenzake wengi zaidi. Miaka ile dada yangu aliongea na watu wa Brazili huku anakuna nazi.

Tarehe 12 Oktoba 2009 Bwana Deogratius alishuka garini pale Handeni mjini, akaanguka. Kiharusi kiliuchukua upande wake wote wa kulia na kiliuchukua ulimi wake. Akili haikuguswa. Januari mwaka 2010 kikao cha ukoo kiliamua mgonjwa arudishwe nyumbani Kwaluguru, auguzwe kwao, na mke wake akaja naye. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu na hakuna aliyeona ajabu, hata sisi. Walipewa chumba kile cha nyuma, kimoja, wakakigawa kwa pazia: kitanda cha mgonjwa huku, kitanda cha Fausta na meza ya redio kule.

Ndani ya chumba hicho aliishi mpaka mwezi uliopita. Nasema wazi kwa sababu nimesikia jana watu wakisema kwamba Mama Angel alipenda kukaa ndani. Hakupenda. Mgonjwa ilibidi ageuzwe, alishwe, aoshwe, na kwa vile hawezi kusema, aliita kwa kugonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda. Aligonga akiwa na kiu, aligonga nzi wakimzidi, aligonga akiogopa. Simlaumu, mtu asiyeweza kujifukuzia nzi afanye nini. Lakini kikombe kile hakikujua Jumapili wala sikukuu. Fausta hakwenda gulioni, hakwenda kwenye vikoba, hakwenda harusini. Jumuiya ndogo ndogo ndiyo iliyomfuata kusali hapa, na wanawake wa jumuiya mnajua ni mara ngapi alinyanyuka katikati ya rozari.

Mama yetu Yuditha alifariki Korogwe tarehe 12 Agosti 2014. Fausta alikwisha kufunga mfuko wake. Shemeji Adamu Hiza, mkubwa wa ukoo, akamwuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, mgonjwa atageuzwa na nani?" Watu walikuwa wamejaa uani, na hakuna aliyeinua mkono. Akaufungua mfuko. Mimi nilishika simu juu ya kaburi ili asikie udongo ukimwagwa, na hivyo ndivyo alivyomzika mama yake.

Mwaka uliofuata Fundi Salimu alikuja kumwona, akakuta redio imefunikwa kitambaa. Fausta akamwambia hana muda wa kuita. Anapata asubuhi tu, mgonjwa akishakunywa uji na kusinzia, na asubuhi masafa yake yamekufa, hayafiki mbali. Salimu akafikiri, akasema, "Mama Angel, basi tutumie vimondo." Baada ya wiki alirudi kwa bodaboda, mabomba ya aluminiamu yamefungwa ubavuni, njia nzima watu wakidhani anahamisha kitanda. Walijenga antena na kuisimamisha uani juu ya nguzo ya mkaratusi. Shemeji Adamu mwenyewe alishika kamba siku ile, na hilo nalisema kwa haki.

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi, ambaye hata kutafuta stesheni sijui. Vimondo, vile tunavyoviita nyota zinazoanguka, havichagui usiku. Vinaanguka mchana pia, tena mwezi wa sita vinaanguka mchana kwa wingi, ila jua linavificha. Kila kimondo kikiungua huko juu kinaacha mkia ambao jicho halioni, na mawimbi ya redio yakiupiga mkia huo yanadunda na kushuka mbali sana, nchi nyingine kabisa. Mkia wenyewe unakaa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo unapatana na mtu wa mbali: mashine yako inatuma robo dakika, yake inasikiliza, kisha yake inatuma, yako inasikiliza, zamu kwa zamu, mkiomba kimondo kipite katikati yenu. Kikipita, spika inakwaruza kama kijiko kwenye sufuria, mara moja tu, na maneno mawili matatu yanajiandika kwenye kompyuta iliyounganishwa na redio. Hayatoshi. Unangoja kingine.

Kila Juni kulikuwa na shindano la vimondo la watu wa redio ya ridhaa wa mashariki na kusini mwa Afrika. Wengine walihesabu waliowapata kwa makumi. Fausta alitaka mmoja tu, amalize naye kwa kanuni, na huyo alikuwa Bwana Chanda, fundi reli mstaafu wa Kabwe, Zambia, kama kilomita elfu moja na mia nne kutoka hapa tulipokaa. Ili ihesabiwe, kila mmoja apate alama ya mwito ya mwenzake, apate taarifa ya jinsi anavyosikika, na mwisho kabisa lije neno la kuthibitisha kwamba vyote vimefika. Neno hilo lisipofika, kazi yote ni bure. Na haliji kwa simu. Mkishaanza, simu inawekwa chini, na atakayemwandikia mwenzake "nimekusikia" ameharibu. Halafu mashine hairuhusiwi kuachwa ijiendeshe yenyewe. Mwenyewe akinyanyuka kitini, anazima.

Hakuna mkaguzi anayekuja Kwaluguru kutazama nani amenyanyuka. Lakini huyu alikuwa ametoka kwenye chumba cha redio cha hospitali, na mnajua sasa alivyolelewa. Kikombe kilipogongwa, alizima. Mwaka 2016 alizima. Mwaka 2017 na 2018 alizima. Mwaka mmoja walikuja wageni wa msiba kupiga hodi dirishani, akazima. Wanawake wa jumuiya walikuwa wakimtania, "Mama Angel, hao watu wako wa mbinguni umewapata?" Naye aliwajibu, "Bado, wananipita juu." Walicheka wote, na yeye alicheka.

Juni mwaka 2021 alipata kila kitu isipokuwa lile neno la mwisho. Kikombe kikagongwa. Akazima, akaenda, akakuta mgonjwa anataka mto usogezwe. Baadaye Bwana Chanda akamwandikia kwamba neno lilikwisha kutoka kwake, lilikuwa njiani, angekaa kidogo tu lingefika. Akamwambia kwa wema, tuandike kwamba imekamilika, nani atajua. Fausta akakataa. Alinipigia simu siku ile analia, na mimi nikadhani amefiwa. Nilipoelewa ni nini nilitaka kucheka, kisha nikasikia anavyolia, sikucheka. Alisema, "Grasi, mimi kwenye dunia hii hakuna ninachokimaliza. Sala simalizi, chai simalizi, usingizi simalizi. Nataka nimalize kimoja."

Sasa nafika mahali ambapo watu wawili wa kamati wameniomba nipaache. Marehemu aliniomba nisipaache, na leo ni siku yake. Shemeji Adamu, najua umekaa mstari wa mbele. Nakuomba kwa heshima unisikilize mpaka mwisho, halafu nawe utasema.

Jumamosi tarehe 8 Juni 2024 ilikuwa siku ya shindano. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Fausta alimwogesha mume wake, akamnywesha uji, akamlaza, akamwekea kikombe mkononi, akamwambia, "Deo, leo ni vimondo." Alikuwa akimwambia hivyo kila mwaka. Akavuta pazia, akakaa, akawasha. Mambo yalikwenda vizuri kuliko miaka yote. Kimondo cha kwanza kilileta alama ya Bwana Chanda. Cha pili kikaleta taarifa yake. Zikabaki zamu za kungoja neno la mwisho, anatuma, anasikiliza, anatuma, anasikiliza, na spika iko kimya.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe mwezi uliopita, akiwa amelazwa.

"Kikaanguka kitu nyuma ya pazia," alisema. "Nikajua ni yeye. Kitu kingine cha uzito ule hakimo chumbani."

"Ukafanyaje, dada?"

"Nikangoja kikombe."

"Kikagongwa?"

"Hakikugongwa. Nikakaa."

Alikaa mpaka lilipofika. Aliona neno la Bwana Chanda likijiandika, akatuma la kwake la mwisho, akazima mashine kama inavyotakiwa, ndipo akavuta pazia. Bwana Deogratius alikuwa sakafuni kwa ubavu wake mbovu, nyusi imepasuka, damu imeingia jichoni. Kikombe kilikuwa mkononi, ule mkono mzima, amekishikilia kifuani. Macho yalikuwa wazi yanamtazama. Dada yangu akapiga magoti na kusema, "Deo, nimempata." Ndipo akaita watu waje kumnyanyua.

Aliniapia kwamba mume wake alitabasamu. Shemeji Adamu amekuwa akisema kwamba tangu kiharusi uso wa ndugu yake uko hivyo siku zote, shavu moja juu, na kwamba mtu huyo alikuwa amezimia, hana habari ya tabasamu wala ya kikombe. Ubaridi wa sakafu ulimwingia kifuani, akaugua wiki kadhaa, tukaogopa. Kikao cha ukoo kiliitwa. Shemeji Adamu akamwuliza Fausta mbele ya wote, "Ulimsikia akianguka?" Fausta akajibu, "Nilikuwa kwenye redio." Shemeji akasema, "Sikukuuliza ulikuwa wapi." Mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya ukuta anasikia kila neno, hakuna aliyekwenda kumwuliza chochote. Iliamuliwa mlingoti wa antena ushushwe, na ukashushwa siku ile ile. Mabomba ya antena ndiyo hayo yaliyojengewa kichanja cha vyombo pale uani, mlipowekewa sahani leo.

Matokeo ya shindano yalitoka mwezi wa nane. Fausta alikuwa wa mwisho, amempata mtu mmoja. Alinisomea kwa simu kwa sauti ya kunong'ona, akarudia mara mbili, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu harusi yake.

Baada ya hapo hakuwa na pa kutazama. Chumba kile, redio bila antena ni sanduku tu. Miguu ilianza kuvimba mwezi wa kumi, presha ikapanda, pumzi ikawa fupi, akaendelea kumgeuza mgonjwa huku anatweta. Tarehe 9 Februari mwaka huu Angel alikuja kutoka Dodoma, akamtazama mama yake mara moja, akakodi gari bila kuitisha kikao. Wakampeleka hospitali Korogwe. Njiani Fausta alimwomba dereva apunguze mwendo. Alikuwa anasoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyeanza shule.

Madaktari walisema ni moyo, umepanuka, umechoka. Alilazwa kitanda cha dirishani, akaoshwa, akaletewa chai, akainywa mpaka mwisho. Aliniambia wodi ile ni pana sana. Nikamwambia, dada, kuna vitanda ishirini humu. Akasema, "Lakini hakuna anayeniita."

Huko ndiko alikonipa maagizo ya karatasi hii. Aliniambia, "Grasi, usiniandikie mvumilivu. Kila mtu ataniandikia mvumilivu. Andika nilimsikia akianguka, nikakaa."

Nikamjibu kwamba hayo si maneno ya kusomwa makaburini.

"Yakasomwe wapi sasa? Lini tena watakaa wote kimya wanisikilize?" Akapumua kidogo, akaendelea. "Adamu aliniuliza mbele ya watu, nikamjibu nusu. Mimi kwenye redio sijawahi kumjibu mtu nusu."

Shemeji Adamu, ulimwuliza kama alimsikia. Alimsikia. Alikuwa na hofu na alibaki kitini, kwa sababu alikuwa amefungiwa humo miaka yote na kile ndicho kitu pekee kilichokuwa chake. Sisomi haya ili umhukumu au usimhukumu. Ameniagiza nikufikishie, nami nimefikisha.

Fausta alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, kule kule Korogwe, Angel na mimi tukiwa pembeni. Sisi wa upande wake tuliomba azikwe huko, karibu na mama. Ukoo umesema mke huzikwa kwa mume, na tumekubali, ingawa kaburi limechimbwa mahali ambapo dirisha la kile chumba linaliona. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko na jumuiya. Tunawashukuru kwa namna ya pekee majirani zetu Waislamu mliochimba kaburi hili kwenye udongo mgumu wa Handeni mkiwa mmefunga, bila kunywa hata tone.

Marehemu ameacha mtoto, Angel, muuguzi huko Dodoma. Mjukuu mmoja, aliyepewa jina la Yuditha. Mimi mdogo wake. Shemeji zake wa ukoo wa Hiza. Na Bwana Chanda wa Kabwe, ambaye marehemu hakuwahi kuonana naye na ambaye ametuma salamu kwamba asubuhi hii amewasha mashine yake na kukaa bila kutuma chochote.

Ameacha mume, Bwana Deogratius Hiza. Yeye nilimsomea wasifu huu juzi Jumatano kabla haujapelekwa kuchapwa, maana anasikia na kuelewa kila kitu, ingawa wengi wetu huongea mbele yake kana kwamba ni kabati. Nilipofika pale pa Juni nilimwuliza kama nipaache. Alitikisa kichwa kukataa. Nikamwuliza kama siku ile pale sakafuni alikuwa na fahamu zake. Akaitikia. Angel akamshika bega, akamwuliza, "Baba, sasa mbona hukuita?" Hilo si swali la kuitikia au kukataa. Alihangaika, na sisi tukangoja. Kisha akaunyanyua ule mkono wake mmoja, polepole, akaweka kidole midomoni.

Apumzike dada yangu Fausta, na mtu asimwite.